Kutafakari Neno na Kutambua Wito: Maswali Tunayoulizwa Sana Unguja na Pemba

Maswali haya tumeyaokota baada ya ibada, kwenye jumuiya za nyumbani, na mengine ndani ya boti ya Pemba, ambako mtu akianza kukuuliza huna pa kukimbilia. Waulizaji ni wahudumu wa hoteli za Nungwi na Paje, walimu wa skuli, askari waliohamishiwa huku, mafundi na wanafunzi. Wapo Wakatoliki wa Minara Miwili, Waanglikana wa Mkunazini, Walutheri na Wapentekoste. Tumeyapanga kuanzia mepesi hadi yale yanayotukosesha usingizi.

## Mambo ya mwanzo

1. Kutafakari Maandiko kuna tofauti gani na kuyasoma?

Anayesoma anataka kufika mwisho wa sura. Anayetafakari hana haraka hiyo. Zaburi ya kwanza inamtaja mtu ambaye sheria ya Bwana "huitafakari mchana na usiku", na neno la Kiebrania lililotumika hapo, *hagah*, ni la mdomo kabla ya kuwa la kichwa. Ni kunong'ona, kuguna. Isaya analitumia kwa simba anayenguruma juu ya windo lake (31:4) na kwa hua anayelia (38:14). Waliotafakari zamani walisikika. Kwa hiyo ukiwa peke yako, soma kwa sauti ndogo, sikio lako nalo lishiriki.

Mama mmoja alitueleza kwa mfano wa nazi. Nazi ukiikamua, tui la kwanza ndilo kasimile, na kila ukirudia linazidi kuwa jepesi. Neno, akasema, hufanya kinyume: mkamuo wa kwanza ni maji matupu, uzito unakuja ukirudia. Hatujapata maelezo bora zaidi ya hayo.

2. Je, si ndiyo ile ya kukaa kimya na kuondoa mawazo yote kichwani?

Hapana. Hapa kichwa hakiachwi kitupu, kinapewa neno la kushika.

3. Nianze na kitabu gani, na tafsiri ipi?

Anza na Injili ya Marko, kwa sababu ni fupi na ina mwendo, au na Zaburi. Usianze na Ufunuo, hata kama ndicho kitabu kinachohubiriwa kwa kelele zaidi mtaani kwako.

Kuhusu tafsiri, wengi wetu tumelelewa na ile ya Muungano ya mwaka 1952, na Kiswahili chake kina mdundo unaoshikika moyoni. Inapokutatiza, fungua Habari Njema kando yake. Tena, Mzanzibari asijione mgeni mbele ya Biblia ya Kiswahili. Askofu Edward Steere alifanya kazi yake ya kutafsiri hapa hapa Unguja, kwa Kiswahili cha watu wa mji huu, hadi alipofariki 1882. Amezikwa ndani ya kanisa la Mkunazini.

4. Wito ni nini? Si ni wa mapadre, wachungaji na masista tu?

Kwa Kiswahili "wito" ni pia ile karatasi ya mahakama inayokutaka ufike. Ulinganisho huo una maana yake, kwani wito una aliyekuita, na una mahali pa kufika. Haukuzuka ndani yako.

Kila aliyebatizwa ameitwa kwanza kumfuata Kristo. Huo ndio wito mkubwa, hauna cheo wala mshahara. Ndani yake upo wito wa mahali na kazi: ndoa, useja, upadre, kufundisha, kuuguza, biashara. Lidia wa Matendo 16 aliuza nguo za rangi ya zambarau, na hatusomi popote kwamba Paulo alimwambia afunge duka. Alichofungua ni nyumba yake.

## Namna ya kufanya

5. Kuna hatua za kufuata?

Zipo, na ni za kale. Katika karne ya 12 mtawa mmoja Mfaransa, Guigo, alizipanga kama ngazi ya vipandio vinne: kusoma, kutafakari, kuomba, na kutulia mbele za Mungu bila maneno. Hazikuwekwa ili zikufunge. Siku nyingine utabaki kipandio cha kwanza hadi muda uishe.

Tuchukue Marko 10:46-52, kipofu Bartimayo kando ya njia ya Yeriko. Soma mara moja, polepole. Soma tena, usimame neno linapokugusa. Mimi binafsi kwa miaka nilisimama kwenye swali la Yesu, "Wataka nikufanyie nini?", kwa sababu ni swali la wazi mno na sikuwa na jibu. Kisha siku moja nikaona mstari wa 49, ambao nilikuwa nikiupita kama daladala iliyojaa: "Jipe moyo, inuka, anakuita." Wanaomwambia hivyo ni nani? Ni watu wa umati ule ule uliokuwa ukimkemea anyamaze! Yesu hakumwita Bartimayo kwa kinywa chake. Alisimama, akasema "mwiteni", na wito ukafika kwa midomo ya watu waliokuwa wakimziba mdomo dakika chache kabla.

Hapo ndipo kusoma kunageuka kutafakari, pale unapoanza kujiuliza. Ni nani amewahi kunifikishia wito, nami nikampuuza kwa sababu jana yake alinikemea? Vazi ambalo Bartimayo alilitupa, mimi langu ni lipi? Baada ya hapo omba kwa maneno yako, hata mawili. Kisha nyamaza. Ukimaliza, chukua kifungu kimoja cha maneno uende nacho kazini. "Anakuita" linatosha siku nzima.

6. Nafanya kazi hotelini kwa zamu. Nipate wapi muda?

Wengi visiwani hutumia adhana ya alfajiri kama saa yao ya kuamkia. Jirani anaamka kuswali, nawe umeshaamka, basi kaa kitandani na mistari mitano. Kama zamu yako inaisha usiku wa manane, usijilazimishe alfajiri. Tumia kiti cha gari la wafanyakazi. Dakika kumi na tano zilizo zako kila siku ni bora kuliko mkesha mmoja kwa mwezi. Na ikiwa Jumapili upo kazini, tafuta ibada ya katikati ya wiki, ila usiache kabisa kukutana na wenzako (sababu zipo kwenye swali la 12).

7. Nikifumba macho nasinzia, nikifumbua nawaza kodi ya nyumba.

Ukisinzia, umechoka: lala. Ukiwaza kodi, iombee kodi kwanza, kisha rudi kwenye mstari. Wanaonishangaza ni wale wanaosema hawajawahi kuhangaishwa na mawazo.

8. Napokea mistari kila asubuhi kwenye WhatsApp. Hiyo haitoshi?

Ni salamu nzuri, lakini mstari uliokatwa peke yake unaweza kukudanganya bila mtumaji kukusudia. Ule unaotumwa kuliko yote ni Yeremia 29:11, "nayajua mawazo ninayowawazia ninyi". Watu huusoma kama ahadi ya kazi mpya kabla ya mwisho wa mwezi.

Sasa fungua sura nzima. Ni barua kwa watu waliohamishiwa Babeli kwa nguvu. Mstari wa 5 unawaambia wajenge nyumba na kupanda bustani huko huko. Mstari wa 10 unataja miaka 70, maana yake wengi waliosikia barua ile wasingeona kurudi. Na katikati kuna mstari wa 7, ambao sijawahi kuupokea kwenye simu: "Kautakieni amani mji ule… kwa maana katika amani yake mji huo ninyi mtapata amani." Ahadi ni ile ile, ila ina mizizi na ina muda. Kwa Mkristo wa Zanzibar, mstari wa 7 una kazi kubwa kuliko wa 11. Tutaurudia kwenye swali la 14.

## Kupambanua

9. Nitajuaje kama ni Mungu anayeniita au ni tamaa yangu?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na jibu lake halina njia ya mkato.

Msimu wa karafuu Pemba, mavuno yakifika nyumbani jioni, watu huzunguka jamvi wakichambua: karafuu huku, makonyo, yaani vijiti vyake, kule. Lundo halichambuliki kwa mkupuo, unashika shada moja baada ya jingine. Kupambanua ndivyo kulivyo. Usiulize "je, maisha yangu yote ni mapenzi ya Mungu?" Shika jambo moja: nafasi hii ya masomo, huyu mchumba, huduma hii ya wagonjwa. Liweke mbele ya Neno siku kadhaa, uone linafanya nini ndani yako.

Ignasi wa Loyola alijifunza hili akiwa mgonjwa. Mwaka 1521 mzinga ulimvunja mguu vitani Pamplona. Kitandani alikuwa na ndoto za aina mbili: ushujaa wa kijeshi na mapenzi ya kifahari, au kumtumikia Kristo kama watakatifu aliosoma habari zao. Zote zilimfurahisha alipokuwa akiziwaza. Tofauti ilikuja baadaye. Za kwanza zilimwacha mkavu, za pili zilimwacha na furaha iliyobaki. Kwa hiyo usipime wazo lilipoingia tu, pima lilichokuachia lilipoondoka.

Maswali mengine ya kupima ni ya kawaida. Linapatana na Maandiko yote au na mstari mmoja tu? Linakufanya uwapende watu zaidi, au uwadharau? Linavumilia kuchelewa? Jambo linalosema "leo leo au kamwe" mara nyingi halitoki kwa Mungu. Samweli aliitwa, akalala, akaitwa tena.

Na makonyo hayatupwi. Yanapelekwa Wawi, Chake Chake, kiwandani, yanatolewa mafuta. Tamaa isiyo wito wako si lazima iwe dhambi. Yule anayependa muziki na hakuitwa kuwa mwimbishaji bado ana muziki wake.

10. Nikiwa na amani moyoni, si ndiyo ishara?

Amani ni ishara mojawapo, na ni ishara inayoweza kughushiwa. Yona alikuwa akimkimbia Mungu, na bahari ikichafuka yeye alilala usingizi mzito chini ya merikebu. Yesu alikuwa akitii, na Gethsemane alifadhaika hadi jasho. Ukipima kwa utulivu peke yake, Yona angekuwa mtiifu.

Amani inayoaminika ni ile inayobaki baada ya kuambiwa gharama. Waulize waliotangulia kwenye njia unayoitaka wakueleze ugumu wake, kisha angalia kama bado ipo.

11. Mwezi wa tatu sasa sihisi chochote nikisali. Je, nibadilishe uamuzi?

Usibadilishe sasa. Kanuni ya zamani ya wanaoongoza roho inasema hivi: uliloamua ukiwa na nuru usilivunje ukiwa gizani.

Wa Jambiani na Paje hawahitaji maelezo marefu. Maji yakipwa, pwani ya mashariki bahari inakimbia mbali kabisa na ngalawa inalala ubavu mchangani. Mvuvi haiuzi kwa sababu hiyo. Anashona wavu, maji yatarudi. Wakati wa ukavu endelea na saa yako ile ile, fupisha kama lazima, na mwambie mtu mmoja. Lakini kama hukosi hamu ya sala tu, bali hata ya kula, kulala na kuishi, muone kwanza daktari, kama tunavyosema kwenye swali la 18.

12. Lazima nimshirikishe mtu? Si ni jambo langu na Mungu?

Samweli alisikia sauti mara tatu akadhani ni Eli. Aliyetambua kwamba ni Bwana alikuwa Eli, mzee ambaye macho yake yalikuwa yakififia na ambaye hakusikia kitu. Huhitaji mtu mtakatifu kukuzidi. Unahitaji mtu mzima kiimani, asiyefaidika na uamuzi wako, anayejua kunyamaza. Hata Matendo 13, Roho alipowatenga Barnaba na Sauli, aliliambia kanisa.

Marafiki, ambao wengine huwaita Wakweka, walifika Pemba mwishoni mwa karne ya 19. Desturi yao ya kale ni kuketi pamoja kimya hadi mmoja apewe neno. Mtu akiwa na uamuzi mzito, wachache huketi naye, na kazi yao ni kumuuliza maswali bila kumpa ushauri. Jaribuni kwenye jumuiya yenu, saa moja, watu wanne. Kutotoa ushauri ni kugumu kuliko kufunga.

13. Naweza kuomba ishara kama Gideoni?

Soma Waamuzi 6 tangu mwanzo. Gideoni alikuwa ameshaambiwa la kufanya kabla ya kuomba ishara ya umande juu ya ngozi ya kondoo. Hakuwa anatafuta kujua, alikuwa anaogopa. Mungu alimvumilia. Kama nawe unajua tayari, basi omba ujasiri na uiache ngozi.

## Hapa visiwani

14. Wakristo ni wachache sana hapa. Labda wito wangu ni kurudi bara?

Labda. Wapo walioitwa kurudi. Lakini chunguza kama ni wito au ni uchovu wa kuwa mgeni, kwa sababu vyote viwili huvaa kanzu moja.

Kanisa la visiwani limejaa watu ambao hawakuchagua kuwa hapa. Misheni ya Kianglikana yenyewe haikupanga kuja Unguja. Ilikusudia nchi za ndani, kuelekea Ziwa Nyasa, ikashindwa kwa vita na maradhi, na mwaka 1864 ikajikuta mjini kwetu. Mwaka huo Sultani aliwakabidhi wavulana watano waliotolewa kwenye jahazi la watumwa. Mmoja wao, John Swedi, mwaka 1879 akawa shemasi. Cecil Majaliwa, naye aliyekombolewa utumwani akalelewa kwenye skuli ya misheni ya Kiungani, alitumwa kuhudumu kusini mwa bara, kwa Wayao wenzake, na akapewa upadre 1890. Kila mmoja alipewa njia yake. Sioni kipimo cha kusema mmoja alisikia vizuri zaidi. Tahadhari moja tu: utumwa wao haukuwa "mpango mzuri wa Mungu", na asiseme hivyo mtu aliyesimama Mkunazini, pale soko la watumwa lilipokuwa hadi 1873. Mungu aliwaita wakiwa ndani ya uovu waliotendewa. Hakuhitaji uovu ule ili awaite.

Rudi sasa kwenye Yeremia 29:7. Kuutakia mji amani kuna sura za kawaida mno: kumfundisha mtoto wa jirani hesabu, kuhudhuria maziko, kulipa deni dukani kwa wakati, kutokula hadharani mchana wa Ramadhani ingawa hufungi, na kupokea futari ukiletewa sahani. Mtu anayefanya haya kwa miaka ishirini mtaa mmoja hajakosa wito kwa sababu hana jukwaa.

15. Jirani Muislamu akiniuliza ninasoma nini?

Mjibu. Neno lenyewe, tafakuri, mnalo wote wawili. Msomee kama anataka, msikilize na yeye. Usigeuze swali la ukarimu kuwa mdahalo, na usimfiche kama vile unafanya jambo la aibu.

16. Kazi yangu ni kuuza pombe hotelini. Je, nimekosa wito?

Ndugu zetu hawakubaliani juu ya hili, na sitajifanya kuwa wanakubaliana. Wengine wanasema acha kesho. Mimi huuliza: unalisha wangapi, kazi inakufanya mtu wa namna gani, na je, umewahi kutafuta nyingine? Kama umeitafuta ukakosa, kuna namna ya kuwa mwaminifu hata nyuma ya kaunta, pamoja na kukataa kumzidishia aliyelewa. Kama hujawahi kutafuta, basi umeshajijibu.

## Mambo magumu

17. Nabii ameniambia nitamwoa fulani, au nitoe sadaka ili wito wangu "ufunguliwe".

Msiiamini kila roho. Yohana alisema zijaribiwe (1 Yohana 4:1). Unabii kuhusu ndoa lazima uwe umefika pia kwa huyo fulani, tena kwa hiari yake. Wito unaohitaji malipo ili ufunguliwe ni biashara, na bei yake itapanda.

18. Nasikia sauti usiku zikiniamuru mambo.

Sauti zikikuamuru kujidhuru au kumdhuru mtu, hakuna cha kupambanua: usikae peke yako, mwambie mtu wa nyumbani, nendeni hospitali leo hii. Hata zisizo kali, zikikunyima usingizi na chakula, muone daktari. Kidongo Chekundu kuna wataalamu wa afya ya akili, na kwenda huko si upungufu wa imani. Mwombezi mzuri atakusindikiza hadi mlangoni. Anayekuambia uache dawa, achana naye.

19. Wazazi hawataki niwe sista.

Wasikilize kwanza wanaogopa nini. Mara nyingi ni nani atawatunza uzeeni, na hilo ni swali la haki linalostahili jibu la vitendo. Mashirika yana miaka ya majaribio kwa makusudi, kwa hiyo kuingia si kufunga mlango. Tena njia hii si ngeni hapa: Askofu Frank Weston alianzisha shirika la masista Unguja mwaka 1911. Kama umeshatimiza umri na umepambanua (maswali ya 9 hadi 12), waheshimu, usidanganye, na uende mchana, si kwa kutoroka.

20. Nilirudishwa kutoka seminari miaka mingi iliyopita. Wengine wanasema nimepoteza wito.

Aliyeniuliza hili mara ya mwisho alikuwa fundi seremala, amekaa na swali hilo tangu ujana. Tulisoma pamoja habari za Yohana Marko. Aliondoka katikati ya safari, kule Pamfilia, akarudi Yerusalemu (Matendo 13:13). Paulo alikataa kabisa kumchukua tena, hadi akagombana na Barnaba. Miaka ikapita. Mwishoni, akiwa kifungoni, Paulo anamwandikia Timotheo: "Umtwae Marko, umlete pamoja nawe, maana anifaa kwa utumishi."

Yule fundi alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama hiyo Injili niliyokuwa nikimwambia aanze nayo ni ya Marko huyo huyo. Nikamwambia mapokeo ya kanisa yanasema ni yeye. Akaiomba Biblia, akatafuta ukurasa wa kwanza.